Kuvusha Mbuzi Jimbo kwa Jimbo Marekani: Hereni, Cheti cha Daktari na Kibali

Tulipomaliza kuhesabu hela, mwenye mbuzi aliingia zizini akatoka na kitoto cha mbuzi kwapani, cheupe chenye baka jeusi jichoni. Akasema hiki ni nyongeza yenu. Kwetu nyongeza haikataliwi. Ila cheti cha daktari nilichoshika kilisema mbuzi 8, kila mmoja na namba ya hereni yake, na huyu wa tisa sikio lilikuwa tupu. Usiku ule tulikuwa na majimbo kadhaa ya kupita hadi nyumbani. Nikamrudishia. Uso ulimbadilika, na ilinibidi nisimame naye robo saa nzima kumweleza kwamba sijaidharau zawadi yake. Alikuwa hajawahi kuuza mbuzi nje ya jimbo lake, kwa hiyo habari ya vyeti alikuwa akiisikia kwangu.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali yaleyale na watu wengi wa kwetu: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Watanzania, na Wabantu wa Somalia ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua cha babu zao. Huku New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, tupo wengi, Lewiston na Portland kule Maine, Burlington kule Vermont. Nyama ya mbuzi inayouzwa madukani Marekani sehemu kubwa ni ya barafu kutoka Australia na New Zealand, na mtu aliyekulia kwenye mbuzi wa kuchinjwa asubuhi anajua tofauti. Ndiyo maana wengi tumeanza kufuga. Pale Colchester, Vermont, wakimbizi wanafuga mbuzi kwenye shamba la Pine Island kwa kazi hiyohiyo. Shida huja pale mbegu nzuri inapopatikana jimbo la jirani, au bei inapokuwa nafuu kule kuliko hapa. Mtu anachukua pikapu na trela, anakwenda, anapakia, anarudi. Hana habari kwamba amevunja sheria mbili, ya serikali kuu na ya jimbo lake mwenyewe.

Elewa kwanza nani anatunga sheria

Marekani ina majimbo 50, na kwenye mambo ya mifugo kila moja ni kama nchi yenye mpaka wake. Juu yao kuna Wizara ya Kilimo, USDA, na chini yake kuna idara iitwayo APHIS inayosimamia afya ya wanyama. APHIS inaweka kiwango cha chini kwa nchi nzima. Jimbo linaruhusiwa kuongeza masharti, na mengi yanaongeza.

Sharti la kuingia hutungwa na jimbo unakokwenda. Unakotoka kuna kazi ya kukagua na kuandika, lakini ni kule mbuzi atakakoshukia ndiko wanakoamua wanataka vipimo gani, hereni gani, na kama kuna namba ya kibali. Watu wengi huuliza upande wa muuzaji, wanajibiwa "hapa hatuhitaji chochote", wanaondoka na furaha. Jibu ni la kweli, ila waliulizwa wasiohusika.

Ukiona masharti haya ni makali, kumbuka karantini za kwetu. Mtu wa Morogoro au Garissa anajua mnada unavyofungwa ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia. Marekani iliuona ugonjwa huo mara ya mwisho mwaka 1929, na sotoka ya mbuzi haijawahi kufika huku. Wanataka ibaki hivyo, na mimi mwenye mbuzi nataka ibaki hivyo pia.

Hatua ya kwanza: piga simu kabla ya kulipa

Kila jimbo lina ofisi ya daktari mkuu wa mifugo, kwa kawaida ndani ya idara ya kilimo ya jimbo. Tafuta namba yake, piga, na useme mambo manne: ni mnyama gani, ni wangapi na wana umri gani, wanatoka jimbo lipi, na wanakuja kufanya nini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mbuzi wa kufuga, wa kuchinja, wa maonyesho na wa kupitia mnadani kila mmoja ana karatasi yake.

Kuna pia tovuti ya InterstateLivestock.com: unachagua mnyama, jimbo la kutoka na jimbo la kwenda, inakuonyesha masharti. Ni nzuri kwa kuanzia. Lakini simu bado piga, kwa sababu ugonjwa ukilipuka mahali masharti hubadilika ndani ya wiki moja, na ofisini ndiko wanakojua leo kuna nini.

Usiogope Kiingereza chako. Maafisa niliozungumza nao walikuwa na subira, na wengi wana huduma ya mkalimani ukiiomba. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe.

Hatua ya pili: namba ya shamba na hereni

Hapa ndipo panapowakwamisha watu wa mbuzi na kondoo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna ugonjwa wa mbuzi na kondoo ambao kwenye fomu zao huandikwa scrapie, nasi tuuite skrepi. Unakula ubongo polepole. Mnyama huanza kujikuna kwenye nguzo mpaka manyoya yanatoka, anakonda na hamu ya kula anayo, mwisho anayumba na kufa. Hauna chanjo wala dawa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hukaa mwilini kimya, kwa kawaida miaka 2 hadi 5, kabla ya dalili kutokea. Uligunduliwa Marekani mwaka 1947, Michigan, kwenye kondoo wenye asili ya Uingereza, na tangu hapo serikali imekuwa ikiufukuza. Sasa fikiria: mbuzi anaugua leo, na aliambukizwa kwenye zizi alilozaliwa miaka minne iliyopita, mali imeshabadilisha mikono mara tatu. Bila namba sikioni, utajuaje alikotoka? Hiyo ndiyo kazi ya hereni. Waliofuga Tanzania miaka ya karibuni wanazijua hereni za kielektroniki; wazo ni lilelile.

Kwa kawaida, mbuzi au kondoo ambaye hajahasiwa, akivuka mpaka wa jimbo, anatakiwa awe na alama rasmi ya mpango wa skrepi. Kuna misamaha, mkubwa ukiwa kwa wanyama chini ya miezi 18 wanaokwenda kuchinjwa. Hereni ya dukani yenye namba 1, 2, 3 uliyoandika kwa kalamu haihesabiki. Hereni rasmi ina ngao ya Marekani na namba iliyounganishwa na zizi lako kwenye kumbukumbu za serikali. Mbuzi wa ukoo waliosajiliwa wanaweza kutumia chale ya sikioni badala ya hereni, ila cheti cha usajili kiandamane na mnyama. Kwa mbuzi wa nyama, hereni ndiyo rahisi.

Kuipata: piga 866-873-2824, namba ya bure ya APHIS. Waambie unataka kusajili zizi la mbuzi na kuagiza hereni za skrepi. Watakupa namba ya shamba na namba ya kundi, na anayeanza huweza kupewa hereni kadhaa za plastiki bila malipo. Usajili wenyewe haulipiwi. Fanya hivi hata kabla hujanunua mbuzi wa kwanza, kwa sababu namba ya shamba itaulizwa mahali pengi.

Kwa mbuzi unayemnunua, hereni ni kazi ya muuzaji: mbuzi aliyezaliwa kwake avae hereni ya zizi lake. Akikwambia atakukabidhi pakiti ukazivalishe mwenyewe nyumbani, kataa. Na hereni rasmi ikishavalishwa haitolewi, hata kama unataka ya rangi nyingine. Ikidondoka, mvalishe mpya na uandike namba ya zamani kando ya ile mpya.

Hatua ya tatu: daktari

Cheti kinachotakiwa huitwa CVI, yaani cheti cha ukaguzi wa daktari wa mifugo. Sio kila daktari anaruhusiwa kukiandika. Awe na idhini ya serikali kuu, idhini yake iwe ya daraja la pili, linalohusu mifugo, na awe ameidhinishwa kufanya kazi katika jimbo ambalo mbuzi wapo siku ya ukaguzi. Daktari wako wa nyumbani, hata akiwa rafiki yako, hawezi kuandika cheti cha mbuzi aliyeko jimbo lingine kwa kutazama picha za simu. Kwa hiyo daktari ni wa upande wa muuzaji, na mara nyingi muuzaji ndiye anayempigia. Gharama elewaneni mapema. Uliza vitu viwili kwa kutenganisha: ada ya kufika shambani, na ada ya cheti chenyewe. Mkiwa wanunuzi wawili watatu wa jamaa moja, pangeni siku moja, ada ya kufika itagawanyika.

Siku ya ukaguzi fika ukiweza. Daktari aliyekuja kwa mbuzi wangu alimshika kila mmoja kichwa, akageuza midomo kutafuta vidonda, akavuta kope, akapapasa chini ya taya na mbele ya bega kutafuta majipu, akanyanyua kwato na kuzinusa. Kwato iliyooza inanuka kabla hujaiona. Kisha akamulika sikio kwa tochi na kusoma namba kwa sauti, na msaidizi akaandika. Mbuzi mmoja alikuwa na jipu chini ya sikio, kubwa kama yai la kware. Alimtoa kwenye orodha palepale. Wakati huo niliona ameninyima mbuzi mzuri. Nilipokuja kusoma kwamba usaha wa jipu lile ukipasuka huambukiza zizi zima na kukaa kwenye udongo, nilimshukuru.

Jimbo likidai vipimo vya damu, hivyo huchukua siku kadhaa maabara. Panga daktari aje mara mbili, au achukue damu mapema kisha aandike cheti majibu yakirudi. Hata pasipodaiwa, mimi hulipia kipimo cha CAE, virusi vinavyovimbisha magoti na kuharibu viwele, kwa mbuzi yeyote wa kuzalisha. Ni pesa ninayoitoa bila kusita.

Hatua ya nne: kibali, pale kinapotakiwa

Majimbo mengine yanaridhika na cheti. Mengine yanataka pia kibali cha kuingia: namba inayotolewa na ofisi ya jimbo unakokwenda, ambayo daktari huiandika juu ya cheti. Mara nyingi daktari ndiye anayeiomba, kwa simu au mtandaoni, na huipata siku hiyohiyo. Uliulizia jambo hili kwenye simu ya kwanza, kwa hiyo mkumbushe. Daktari anayeandika vyeti vya kwenda jimbo moja tu kila mwaka huweza kusahau kwamba lako ni tofauti.

Hatua ya tano: kisome cheti kabla gari halijawaka

Soma mstari kwa mstari, umesimama na mbuzi mbele yako:

- Idadi ya mbuzi kwenye karatasi ilingane na idadi kwenye trela.
- Kila namba ya hereni isomwe tena kutoka sikioni. Tarakimu moja ikikosewa, huyo ni mbuzi mwingine.
- Anwani ni mahali halisi wanapopakiwa na wanaposhushwa. Sanduku la posta halifai, na nyumba yako ya mjini haifai kama mbuzi wanakwenda shamba la kukodi.
- Sababu ya safari iwe ile uliyoitaja ofisini.
- Tarehe ya ukaguzi ionekane wazi, pamoja na sahihi.

Kwa kawaida cheti kinaishi siku 30, na siku zinahesabiwa kutoka tarehe ya ukaguzi. Watu huhesabu kutoka siku waliyoipokea karatasi kwa barua pepe. Mbuzi waliokaguliwa tarehe 1 na karatasi ikatumwa tarehe 9 wana siku zao zilezile. Na majimbo mengine yanafupisha muda kwa wanyama fulani.

Ukiona kosa, usilifute kwa kalamu yako. Cheti kilichochorwachorwa na asiye daktari hakina thamani tena. Mpigie, arekebishe, akutumie kipya.

Hatua ya sita: njiani

Vyeti vingi siku hizi huandikwa kwenye kompyuta. Chapisha nakala, weka kwenye bahasha ndani ya gari mbele, na nyingine ibaki kwenye simu. Usiweke kwenye trela. Mbuzi anakula karatasi. Majimbo unayopita bila kushusha kwa kawaida hayakudai cheti cha kwao, ila askari akikusimamisha atataka kuona hicho ulichonacho, na maelezo ya kwamba unapita tu yanasomeka kwenye anwani ya mwisho. Ukipanga kulala njiani na kuwashusha mbuzi kwenye shamba la rafiki, hapo habari inabadilika, uliza kwanza. Florida ina vituo vya kilimo kwenye barabara zake za kuingia na kutoka, na gari lolote la mifugo lazima lisimame. California nayo ina vituo mpakani.

Kwa safari ndefu ipo sheria ya saa 28, ambayo mzizi wake ni wa 1873, enzi za mabehewa ya ng'ombe kwenda Chicago. Mnyama hapaswi kukaa ndani ya chombo zaidi ya saa 28 mfululizo bila kushushwa, kulishwa, kunyweshwa na kupumzika angalau saa 5. Sisi wa trela ndogo hatufiki huko, na mbuzi kwenye joto la Julai hahitaji saa 28 kufa. Mimi husimama kila baada ya saa tatu, nawapa maji na kuangalia nani amelala chini ya miguu ya wenzake.

Mbuzi wa kuchinja

Unaponunua kwa ajili ya Idi, Krismasi au harusi, na mbuzi wanatoka kwa muuzaji moja kwa moja hadi machinjio yanayotambuliwa, mara nyingi sheria ya serikali kuu haidai CVI. Inatosha maelezo ya maandishi ya mwenye mbuzi au msafirishaji: nani anauza, wanatoka wapi, wanakwenda wapi, wangapi, tarehe, sahihi. Lakini hapo uwe mkweli. Mbuzi aliyevuka kama wa kuchinja lazima achinjwe. Nimeona mtu anamtoa jike mzuri kwenye kundi hilo njiani, "huyu nitamfuga". Jike huyo hana cheti wala hereni, na siku akileta ugonjwa hakuna atakayejua ametoka zizi gani. Na akishuka nyumbani kwako usiku mmoja kabla ya kuchinjwa, hilo si moja kwa moja tena. Ukitaka kumchinja nyumbani siku ya sikukuu, mwombee CVI kamili.

Ng'ombe na farasi, kwa ufupi

Ng'ombe wana kanuni yao ya nchi nzima tangu 2013. Kuanzia Novemba 5, 2024, hereni mpya za ng'ombe wanaohusika lazima zisomeke kwa macho na kwa mashine pia. Kwa kawaida namba huwa ya tarakimu 15 inayoanza na 840. Wanaohusika ni ng'ombe wa maziwa wa umri wote, wale wa rodeo na maonyesho, na ng'ombe wengine wasiohasiwa wa miezi 18 na zaidi. Aliyevalishwa hereni rasmi ya zamani kabla ya tarehe hiyo anaendelea nayo maisha yake yote. Kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ndivyo vipimo vinavyoulizwa zaidi, hicho cha pili hasa kwa ng'ombe wa maeneo yanayozunguka hifadhi ya Yellowstone, ambako wanyamapori bado wana homa ya kutupa mimba. Machi 2024 mafua ya ndege ya H5N1 yaligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Texas na Kansas, na amri iliyoanza Aprili 29 mwaka huo ikataka ng'ombe anayekamuliwa apimwe, sampuli ikichukuliwa si zaidi ya siku 7 kabla ya kuvuka. Ukinunua ng'ombe wa maziwa, anza na swali hilo. Majimbo mengi ya magharibi yana pia mkaguzi wa chapa, anayethibitisha kwamba ng'ombe ni wako kabla hajaondoka.

Farasi na punda huombwa CVI na majibu ya kipimo cha Coggins, yaani cha damu kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu, kwa kawaida cha ndani ya miezi 12.

Hatua ya saba: wakishafika

Washushe mbali na wale ulionao. Mimi huwatenga siku 30, chombo chao cha maji na viatu vyangu vya zizi lao pembeni, na huwahudumia wa mwisho. Cheti kinasema mbuzi alionekana mzima siku ile alipotazamwa. Ugonjwa uliokuwa bado haujajionyesha hauandikwi popote. Soma kama jimbo lako limeandika karantini ya lazima kwenye kibali, kwa sababu hapo afisa anaweza kuja kutazama.

Kisha fungua daftari. Namba ya hereni, jina la muuzaji na anwani yake, tarehe ya kufika, na baadaye tarehe ya kuuzwa au kufa. Kwa mbuzi na kondoo kumbukumbu hizi hutunzwa miaka 5. Gundi nakala ya cheti kwenye ukurasa huohuo.

Na agiza hereni zako mwenyewe mapema, kabla majike hayajazaa. Yule mwenye kitoto cha baka jeusi alisajili zizi lake majira yaleyale. Miezi mitatu baadaye daktari alipita kwake kwa kazi nyingine, akakikagua kile kitoto, akaandika cheti cha mbuzi mmoja. Nikaenda kumchukua.